Fisi wa Mwinyikondo

Mwinyikondo alikufa alfajiri ya Jumamosi, na saa mbili asubuhi alikuwa langoni anapokea wageni.

Nasema hivyo kwa sababu ndivyo watu walivyosema, na mimi mwenyewe, fundi niliyefanya kazi hapa miaka thelathini na minne, ninayejua kila uzi uliomo ndani ya yule fisi wa mashine wa langoni, nilipomwona nilisema hivyohivyo moyoni. Mniwie radhi. Siku ile akili yangu haikukaa mahali pamoja. Nitasimulia kama ilivyotokea, na pale nisipoelewa nitasema sielewi, maana nimechoshwa na watu wanaojifanya wameelewa kila kitu.

Bustani ya Mizungu iko juu ya vilima vya Kisarawe, na nyumba za sisi wafanyakazi ziko ndani ya ua uleule, nyuma ya bwawa la viboko wa mashine. Anayekuja kuhani hana njia nyingine ila lango kuu, na langoni kuna fisi. Kumfanya fisi bawabu lilikuwa wazo la Mwinyikondo. Alisema mtu akiona fisi amekabidhiwa lango, kofia ya viua kichwani na kizibao kifuani, atacheka kabla hata hajakata tiketi. Na kweli walicheka, miaka sita mfululizo.

Fisi huyo ana kimo cha mtu mzima na anasimama kwa miguu miwili. Ndani yake hamna mota hata moja. Kuna nyuzi, elfu sita na ushee, ambazo umeme ukizipitia hujikunja na kujikunjua kama misuli. Hasemi. Mwinyikondo alikataa katakata kumpa sauti, akidai kwamba kiumbe akishaanza kuongea watu huacha kumtazama. Basi salamu yake ni ya mwili: anagusa kofia kwa vidole viwili, anashika kiuno na kukunja uso kama aliyetoka kulima, halafu anagonga nguzo ya lango mara mbili kwa kifundo cha kidole. Ndivyo Mwinyikondo alivyoingia karakana kila asubuhi ya Mungu.

Nilikuwa nimekwenda kumzima. Nilisimama kwenye kibanda cha mitambo, kidole juu ya swichi, nikamtazama akigonga nguzo, na kidole kikagoma. Nikajiambia bado dakika moja. Dakika moja ikawa nusu saa, na katika nusu saa hiyo ndipo basi la kutoka Mzenga lilipomshusha Bi. Mwasiti.

Bi. Mwasiti ni dada mkubwa wa Mwinyikondo, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Mwinyikondo alinisimulia mara nyingi jinsi alivyoanguka kutoka mkoroshoni akiwa na miaka saba, mguu ukavunjika, na dada huyu akambeba mgongoni miezi minne kwenda shule na kurudi. Sasa alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu, ameshika kikapu cha muhogo wa kuchemsha kwa ajili ya wafiwa. Alifika mbele ya lango, fisi akagusa kofia, akashika kiuno, akagonga nguzo. Bi. Mwasiti akaweka kikapu chini. Akageuka, akaniona kibandani, na uso wake ukafunguka.

Hapa lazima nieleze kidogo, kwa wale waliokulia kwenye maghorofa. Mimi ni Mnyamwezi, kwetu Urambo. Mwinyikondo alikuwa Mzaramo wa hapahapa. Makabila yetu ni watani tangu enzi za misafara, na mtani kwenye msiba ana kazi yake. Unavaa nguo za marehemu, unatembea kama yeye, unakohoa kama yeye, unataja na ubahili wake, watu wanacheka huku machozi yanawatoka. Ukishapewa chochote na mfiwa, hata kipande cha muhogo, unaacha palepale. Hapo maiti inaweza kutoka.

Mimi na Mwinyikondo tulikuwa tumeahidiana. Yeye alishikilia kwamba mimi ndiye nitakayetangulia, kwa kuwa Wanyamwezi tumezoea kutangulia na mizigo ya watu, na siku hiyo atalifuata jeneza langu akitembea nitembeavyo mimi mpaka waombolezaji wajikojolee. Nami nilimjibu kwamba Mzaramo hawezi kunisindikiza, atasikia ngoma njiani na kunisahau. Ndivyo tulivyoishi. Sasa mmoja wetu alikuwa amevunja ahadi, na hakuwa mimi.

Kwa hiyo Bi. Mwasiti alidhani fisi yule ni kazi yangu ya utani, kwamba badala ya kujivika mwenyewe nguo za ndugu yake nimemvika mnyama. Alicheka. Alicheka huku analia, akaniambia nimemkomesha, na waombolezaji walioshuka naye wakacheka pia, mmoja akapiga kigelegele kifupi. Na mimi, badala ya kusema ukweli kwamba hii ni mashine tu na fundi wake ameshindwa kuizima, niliinamisha kichwa kama mtani anayepokea sifa. Kosa langu la siku nzima ni hilo. Yaliyofuata yote yalitoka hapo.

Bi. Mwasiti alimega muhogo, akauweka kwenye kiganja cha fisi, akamwambia inatosha, mtani. Fisi akautazama muhogo. Akaudondosha. Akagusa kofia, akashika kiuno, akagonga nguzo mara mbili.

Bibi akaokota, akafuta vumbi kwa kanga, akampa tena. Fisi akadondosha tena. Mara ya tatu hakuna aliyekuwa anacheka. Wale waombolezaji walikuwa wamesogea nyuma, na wageni wa Jumamosi waliokuja na watoto wao walisimama na tiketi mikononi bila kujua kama hayo ni maonyesho au msiba. Bi. Mwasiti akakaa chini, pale pale kwenye changarawe, miguu ameinyoosha.

"Mtani asiyejua kuacha si mtani," aliniambia. "Huyu ni nani, Nyamizi?"

Nilibonyeza swichi, fisi akabaki ameinua mkono hewani. Lakini Bi. Mwasiti alikuwa amekwisha kuona alichokiona. Akasema maiti haitoki ndani ya nyumba ile ikiwa ndugu yake bado amesimama langoni. Maziko ni baada ya swala ya Alasiri. Kabla ya hapo nimtoe humo ndani nilimomtia, kwani yeye haziki mtu nusu.

*

Meneja wetu, Elihuruma Mfinanga, ni kijana wa Kipare mwenye adabu nyingi na wasiwasi zaidi. Alinifuata karakana na kishikwambi chake, akaniamkia mara mbili kwa kusahau, akanipa pole, akafuta macho. Halafu akanifungulia fomu.

Tangu viwanda vilipoanza kuzilisha mashine zao miondoko ya miili ya wafanyakazi, kuna Sheria ya Miondoko. Inasema mwondoko ni mali ya mwili ulioufanya. Mwenye mwili akifa, ndugu wanaweza kutaka miondoko yake ifutwe, mradi waseme kabla hajazikwa. Akishafukiwa, haki hiyo imekwisha na mashine inabaki nayo. Kwenye fomu tuliyoijaza wenyewe miaka sita iliyopita, mwenye miondoko ya fisi ni Mwinyikondo. Bi. Mwasiti alikuwa amekwisha kuweka kidole chake. Kilichobaki ni fundi mkuu kuonyesha kinachofutwa.

"Kwa hiyo tunafuta ipi, Mama?" Mfinanga aliniuliza.

Swali dogo kabisa. Likanimaliza.

Nilipoanza kazi tulikuwa na mamba mmoja. Aliendeshwa kwa hewa ya pampu na alijua mambo mawili, kufungua mdomo na kuufunga. Mwendo wake ulitoka kwenye kisahani cha plaiwudi kilichochongwa ukingoni mabonde na vilima. Kisahani kikizunguka, kijiti kinapanda na kushuka, hewa inapita au inazuiwa. Mwinyikondo alikichonga kwa tupa siku nne. Alikuwa anapiga miayo, anachonga, anapiga miayo tena, anachonga, kwa sababu alitaka ule mkwamo wa katikati, pale ambapo mtu hajui kama miayo imekwisha au bado. Tulipomwasha mamba, darasa zima la watoto lililokuja siku ile likapiga miayo.

Baadaye tukaingia kwenye mafuta. Mashine za mafuta zilikuwa na nguvu za ajabu na hasira zake, bomba likipasuka hakuna anayebaki msafi. Kiboko wetu alimmwagia bibi harusi aliyekuja kupiga picha, na mpaka leo nikimkumbuka nacheka na kuona aibu kwa pamoja. Baada ya mafuta zikaja mota, kila kiungo na mota yake, na mimi nilikaa miezi mitatu mbele ya kompyuta kuandika dakika moja tu ya twiga kunywa maji. Ndipo zikaja nyuzi, na hizo hatukuziandikia kitu. Zilijifunza kwa macho.

Lakini hatukuanza upya hata mara moja. Karakana yetu ilikuwa na desturi: mashine mpya haiwashwi mpaka imepewa miondoko ya ile ya zamani. Tuliita kunyonyesha. Kisahani cha mamba kilimnyonyesha kiboko, kiboko akamnyonyesha twiga, twiga akamnyonyesha fisi. Ile miayo ya plaiwudi ilikuwamo ndani yao wote, kizazi baada ya kizazi. Nilimweleza Mfinanga kwamba ukitaka kumtoa Mwinyikondo bustanini kote, utabaki na ngozi na vyuma. Kijana wa watu akakaa juu ya ndoo ya grisi, suruali nzuri vile.

Nikamwambia tuanze na yale matatu yaliyomwangusha bibi: kofia, kiuno, nguzo. Nikafungua kumbukumbu ya fisi.

Kila mwondoko una muhuri wake. Mashine inapojifunza hupima mwili inaoutazama, urefu wa paja, upana wa bega, namna uzito unavyolala kwenye nyayo, na kuandika ni mwili wa nani. Hakuna mtu anayesoma mihuri hiyo. Sisi tulijaza fomu kwa mazoea, kwamba kila kitu ni cha Mwinyikondo, kwa vile yeye ndiye aliyeanza. Mimi nikaisoma kwa mara ya kwanza siku ile, miwani puani. Kugusa kofia: Nyamizi Lugusha. Kushika kiuno: Nyamizi Lugusha. Kugonga nguzo: Nyamizi Lugusha.

Nikadhani nimekosea faili. Nikafungua tena, nikakuta jina langu tena. Nikaomba picha zenyewe. Ikaja karakana yetu, saa ya chakula cha mchana, miaka sita nyuma. Fisi amesimama kwenye kitako chake, hana manyoya bado, macho tu. Na mimi hapo mlangoni, nimevaa kofia ya Mwinyikondo imenishuka mpaka masikioni, naingia kama yeye. Nagusa kofia, nashika kiuno, nagonga mlango. Watu wanavunjika mbavu. Na yeye mwenyewe, kule nyuma kwenye meza ya kuchomelea, anacheka mpaka anakohoa.

Nilielewa polepole, na nilivyoelewa ndivyo nilivyozidi kuchanganyikiwa. Fisi tulimfundisha kushika kinachowachekesha watu, maana hii ni bustani ya starehe. Mwinyikondo akiingia mwenyewe nani atacheka? Ni mtu ameingia kazini. Mimi nikimwigiza, kiuno nakishika kuliko anavyokishika, uso naukunja kuliko anavyoukunja, hapo ndipo vicheko. Kwa hiyo fisi alimwacha Mwinyikondo akanichukua mimi. Kilichomkalisha Bi. Mwasiti kwenye changarawe hakikuwa ndugu yake. Nilikuwa mimi, namcheka ndugu yake.

Sasa yeye yuko wapi, nikajiuliza. Kumbukumbu nzima ya miezi saba fisi alipokuwa anajifunza, haiwezekani asiwemo. Nikaiambia mashine initafutie muhuri wake.

Ulikuja mmoja tu, maana ile miayo ya kurithi haina muhuri, haikujifunzwa kwa macho. Kila baada ya saa moja fisi huacha nguzo na kufanya doria kando ya ukuta. Kichwa kimenyooka kama amejitwika mzigo, kifua mbele, hatua ndefu, makalio yanakwenda yanakotaka, na akitaka kutazama pembeni anageuka mwili mzima ili mzigo usianguke. Kila mtu bustanini anajua doria ile ni nani. Wauza tiketi wanaiita kutembea kinyamizi. Nimeizoea, nimetaniwa nayo miaka sita, sikuwahi hata siku moja kuiangalia kwa makini, kwa sababu nani anapenda kuangalia makalio yake?

Muhuri ulisema mwili ni wa Mwinyikondo. Aliufanya mbele ya fisi mara mia nne na kumi na mbili. Kila nilipotoka kwenda kunywa maji.

Mfinanga aliniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa, naye akajua naongopa. Kidole changu kilikuwa juu ya kishikwambi na jambo lilikuwa rahisi kiasi cha kunitisha. Fomu inadai kwamba vile vitatu ni vya marehemu. Nifute vile vitatu, niweke sahihi. Bi. Mwasiti akipita langoni hatamwona ndugu yake, roho yake itatulia, maiti itatoka kwa wakati. Nitakuwa nimefuta vya kwangu mwenyewe kwa jina lake. Na ile doria, ambayo hakuna mtu duniani anayejua kuwa ni ya Mwinyikondo, itabaki. Kitu pekee ambacho mwili wake ulikifanya, si mtu mwingine aliyemwigiza, kitabaki nami mpaka nistaafu. Sheria imevunjwa, ndiyo. Lakini nani amedhulumiwa?

Nikajijibu kwamba hakuna. Kisha nikakumbuka bibi yule ananiuliza huyu ni nani, na mimi niliyekwisha kumdanganya mara moja kwa kuinamisha kichwa tu. Kama ningesema ukweli ningempa haki ya kufuta doria pia, na kwa jinsi alivyokuwa amekasirika angeifuta. Nilimpenda Mwinyikondo. Nasema wazi, si kwa namna ya watu wanavyonong'ona, bali kama unavyompenda mtu aliyekutukana vizuri miaka thelathini na minne. Sikutaka aende wote.

Mfinanga alinikumbusha kwamba Adhuhuri imepita.

*

Nilikwenda msibani na fomu haijawekwa sahihi. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka uani, na waliponiona wakanitazama vibaya, maana habari ya fisi ilikuwa imefika kabla yangu. Nikaona nianze na kazi iliyonipeleka. Nikaingia chumbani kwa Mwinyikondo, nikatoa kizibao chake cha kahawia na kofia yake, nikavaa, nikatoka.

Nikagusa kofia. Nikashika kiuno. Nikakunja uso, nikagonga mlango mara mbili, nikaulizia chai kwa ile sauti yake ya kulalamika. Mwanzo kimya. Halafu mama mmoja akashindwa kujizuia, akafuata mwingine, na uani kukalipuka. Nilitaja tupa zake alizozificha ili tusiziazime. Nilitaja alivyolia siku kiboko alipomwagia mtu mafuta, akamlilia kiboko, si bibi harusi. Hata Bi. Mwasiti alicheka, mkono mdomoni. Kisha akamega muhogo, akanipa, akasema inatosha, mtani. Nikaacha. Nikavua kofia, nikakaa miguuni pake.

Hapo nikamwambia. Nilimweleza yote, mihuri, picha, vicheko, jinsi fisi alivyochagua. Nilipomaliza aliniomba nirudie, nikarudia, na yeye akabaki ananitazama mikono kisha uso kisha mikono.

"Kwa hiyo asubuhi nilimpa muhogo nani?" akauliza.

"Mimi, Bi. Mwasiti."

"Na wewe ulikuwa kibandani unanitazama."

Nikasema ndiyo. Alisema tangu mwanzo aliona kiuno kimezidi, Kondo wake hakuwa mtu wa kujishika hivyo, lakini mtu akiwa na msiba huona anachokitafuta. Nilidhani tumemaliza. Ningeweza kunyamaza hapo, na nilitaka kunyamaza. Lakini akaniuliza alichoniuliza asubuhi, safari hii kwa upole.

"Yeye mwenyewe hayumo kabisa?"

Nikafumba macho nikasema yumo. Sehemu moja.

Tuliondoka wawili, yeye ameshika bega langu, tukapita nyuma ya bwawa mpaka langoni. Wageni walikuwa wameelekezwa mlango wa pembeni. Nilimwasha fisi kwa doria tu. Akateremsha ule mkono alioinua tangu asubuhi, akanyoosha shingo, akabeba mzigo wake usiokuwepo, akaanza kutembea kando ya ukuta.

Bi. Mwasiti akakunja kipaji. Akasema huyo si Kondo, huyo ni Nyamizi, kipofu naye angejua. Nikamwambia hapana, huyo ndiye yeye, ananicheka mimi. Akatazama tena. Fisi alifika mwisho wa ukuta, akageuka na mwili wake wote, akaanza kurudi kutuelekea. Nilimwona bibi anaacha kutazama kichwa na makalio, macho yanashuka, yanashuka, yanaganda kwenye miguu.

"Kisigino cha kushoto," akasema.

Sikuelewa. Akaniambia nitazame. Nikatazama, na kweli, kila hatua ya tatu kisigino cha kushoto kilichelewa kidogo kugusa chini, kisha kikagusa kwa upande. Mimi sitembei hivyo. Miaka sita nimemrekebisha fisi yule uzi mmoja mmoja, na hitilafu ile niliwahi hata kuandika niitengeneze nikipata nafasi. Bibi akasema ni ule mguu wa mkoroshoni. Mganga aliufunga vibaya. Alisema miezi minne mguu huo ulikuwa unagonga ubavu wake anapomtembeza mgongoni, angeutambua hata gizani.

Akalia, nami nikalia, na fisi akatupita mbele ya pua kwa maringo yangu na mguu wa Mwinyikondo, wala sijui mpaka leo nilikuwa namlilia nani kati ya hao wawili.

Nilimpa kishikwambi. Nikamwambia haki ni yake, vile vitatu ni vyangu nitavifuta mwenyewe kwa kuwa amekwisha kuvipa muhogo, lakini huu ni wa ndugu yake, na akitaka uondoke nitauondoa sasa hivi mbele yake. Nilisema vizuri, kwa sauti ya kazi.

Bi. Mwasiti hakukipokea. Aliuliza anayechekwa hapo ni nani. Nikamjibu ni mimi. Akauliza mtani humwigiza mtu kwenye msiba wa nani. Nikamjibu msiba wa yule anayeigizwa.

"Basi mimi siwezi kumwambia inatosha," akasema. "Huu si utani wa msiba huu. Huu ni wa msiba wako."

Akanifafanulia taratibu, kama anayemweleza mtoto. Ndugu yake aliahidi kulifuata jeneza langu. Ametangulia, lakini kazi yake kaiacha tayari. Wafiwa wa msiba ule ni watu wangu wa Urambo, wao ndio watakaompa muhogo. Au mimi mwenyewe, nikimchoka kabla ya hapo. Akasema kilichomuudhi asubuhi si kumwona ndugu yake, ni kuona kitu kisichojua kuacha, na kwamba sisi mafundi na elimu yetu yote tumefundisha kila kitu isipokuwa hicho.

Alikuwa amesema kweli, na niliona haya. Miaka thelathini na minne, hewa, mafuta, mota, nyuzi, na siku zote tulishindana kumfanya kiumbe aendelee: asikwame, asichoke, asizime mbele ya wageni. Kuacha tulikuita hitilafu.

Nilikuwa na saa moja na nusu. Nilifuta vile vitatu, kofia, kiuno na nguzo, nikaweka sahihi jina langu kama mwenye mali. Kisha nikamfundisha fisi jambo moja. Nilisimama mbele yake na kipande cha muhogo, nikamwekea kiganjani, nikamshusha mikono kwa mikono yangu, nikamtuliza. Tena. Tena. Mara ya ishirini na kitu aliukunjia vidole mwenyewe, akashusha kichwa, akatulia. Ukimpa, anaacha, na haanzi tena. Nilimwonyesha Bi. Mwasiti. Akatikisa kichwa kuridhika, akachukua kile kipande kwenye kiganja cha fisi akanirudishia mimi, akaniambia nikitunze. Nami nikamwasha fisi upya kwa mara ya mwisho.

Alasiri iliposwaliwa, maiti ilitoka. Wanaume waliibeba kwa mwendo wa haraka, wakipokezana mabega, wakazunguka bwawa wakaja langoni. Fisi alisimama kwenye nguzo yake. Hakugusa kofia, hakushika kiuno. Ilikuwa ajabu kumwona ametulia vile, na watu waliokuwa wanaogopa kupita wakapumua. Mfinanga alikuwa kando yangu, ameshika kofia yake kifuani.

Saa ya doria ikafika.

Sikuipanga, naapa. Ilifika tu. Fisi alinyoosha shingo, akabeba mzigo, akaondoka kando ya ukuta sambamba na jeneza la Mwinyikondo, kifua mbele, makalio yanakwenda yanakotaka, kisigino cha kushoto kinachelewa. Waliobeba jeneza walimwona, wakajitahidi kukaza nyuso. Mmoja wa nyuma akashindwa. Akasema tazama, Nyamizi yule. Kicheko kikapita mstari mzima wa waombolezaji, kichini chini, cha watu wanaojua hawapaswi, na wote wakageuka kunitazama mimi niliyesimama langoni na kizibao cha marehemu mabegani.

Muhogo ulikuwa mkononi mwangu. Ilikuwa hatua tano kutoka nilipo mpaka kwa fisi.

Nilimtukana Mwinyikondo tusi moja la Kinyamwezi ambalo alilijua vizuri. Halafu nikautafuna ule muhogo wote, mpaka na kile kiini cha katikati ambacho watu hutema.